Ugali Ni Chakula cha Mtu Mwenye Haraka

Kwenye steji ya matatu mtaani kwetu, hapa Nakuru, kuna mama anayeuza maharagwe. Hayauzi mabichi wala makavu, anayauza yakiwa yamechemshwa tayari. Ana sufuria tatu juu ya majiko ya makaa: moja ya maharagwe, moja ya githeri, moja ya ndengu. Unakuja na bakuli lako, anakupimia kwa kikombe, unaenda nyumbani unakaanga na kitunguu na nyanya, na baada ya dakika kumi na tano unakula chakula kilichochukua masaa matatu kuiva.

Siku moja nilimuuliza anaamka saa ngapi. "Saa kumi ya asubuhi," akasema. "Maharagwe hayana haraka. Wenye haraka ni nyinyi."

Nilicheka nikalipa, lakini maneno hayo yalinirudia wiki iliyofuata, wakati mimi na mke wangu tulikosana juu ya sufuria. Tulikuwa tumealika marafiki sita Jumapili. Mke wangu ni muuguzi na alikuwa anatoka zamu ya usiku. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kompyuta wiki nzima, na nilijiona nimechoka kuliko mtu yeyote duniani. Swali lilikuwa moja: nani atapika? Hapo ndipo nilipotoa lile neno ambalo wanaume wengi wa umri wangu huwa wanalo mfukoni. Nikasema, "Shosho alikuwa anaenda shamba la mzungu na bado alikuwa anapika kila siku."

Akaniangalia kwa muda. "Ulimuuliza kama alikuwa anataka?"

Sikuwa nimemuuliza, na shosho alishafariki. Kwa hivyo nilimpigia mamangu, nikaanza kuuliza maswali, kisha nikaanza kusoma. Nilitaka ushahidi wa kushinda ugomvi, nikapata historia ya mji wetu ikiwa ndani ya sufuria, na ugomvi nikaupoteza.

*

Tuanze na stori tunayoipenda sote. Zamani watu walikuwa na muda. Walipika polepole, wakala pamoja, wakapiga hadithi motoni. Halafu maisha ya kisasa yakaja, kazi zikawa nyingi, na sasa tunakula chipsi mwitu na smokie pasua tukiwa tumesimama. Stori hiyo ni tamu, na pengine kuna mahali ambapo ni ya kweli. Kwa Nakuru haiwezi kuwa kweli, kwa sababu mji huu haukuwahi kuwa na hiyo zamani. Nakuru ulizaliwa ukiwa na haraka.

Kabla ya reli, eneo hili la Bonde la Ufa lilikuwa malisho ya Wamaasai. Jina lenyewe linasemekana kutoka kwa lugha yao, likimaanisha mahali pa vumbi, na ukiwa umetembea hapa mwezi wa pili upepo ukivuma utaamini bila ubishi. Chakula kilikuwa maziwa na nyama. Kwenye miinuko ya pande zote mbili watu walilima wimbi, mtama, viazi vitamu, njahi. Wakalenjin walisonga kimyet ya wimbi na kuinywea mursik. Hapo pia tusijidanganye: wimbi lilisagwa kwa mawe, na aliyepiga magoti mbele ya jiwe hilo kila siku alikuwa mwanamke. Muda ulikuwepo, ndiyo, lakini ulikuwa wake. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wa mbali aliyekuwa anauhesabu.

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, miaka minne baada ya kuanza kujengwa kutoka Mombasa, na kufikia Desemba 1901 ilikuwa imegusa Ziwa Victoria. Mwaka wa 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji mdogo. Mwaka huo huo wa 1904 ndio Wamaasai waliowekwa kwenye mkataba uliowaondoa katika eneo hili, ili ardhi iliyo karibu na reli ipewe walowezi. Mji ulipata jina la Kimaasai na Wamaasai wakapata barua ya kuhama.

Mlowezi aliyejulikana kuliko wote alikuwa Lord Delamere. Mwaka wa 1903 alipewa ekari laki moja hapo Njoro. Alijaribu kondoo, alijaribu ng'ombe, kisha akajaribu ngano. Ngano yake ikaliwa na ugonjwa wa kutu, akaleta wataalamu wa kutafuta mbegu inayostahimili, na mpaka leo Njoro ina kituo cha utafiti wa ngano. Mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka, akaiita Unga. Hebu fikiria hilo kidogo. Neno ambalo mamako anakutuma nalo dukani, kabla ya kuwa jina la biashara ya bwana mkubwa wa Uingereza, lilikuwa tu neno la Kiswahili la kitu kilichosagwa.

Lakini shamba la ekari laki moja halijilimi. Walowezi walihitaji mikono, na watu wenye mikono walikuwa na mashamba yao wenyewe. Kwa hivyo serikali ya kikoloni ikatumia kodi. Kila nyumba ilipe, na ilipe kwa pesa, na pesa ilipatikana kwa kufanya kazi kwa mzungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likaja kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni kilichoonyesha umefanya kazi wapi na umetoka lini. Na kwa familia zilizoishi ndani ya mashamba ya walowezi, wale walioitwa maskwota, sheria ya 1918 iliweka hesabu wazi: ili ukae kwenye ardhi hiyo, utafanya kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria nyingine ya 1937 ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270.

Siku 270 kati ya 365. Ukitoa Jumapili, unabaki na siku arobaini na tatu hivi za kulima shamba lako, kujenga, kuuguza mgonjwa, kuzika na kuoa. Hayo ndiyo maisha yenye shughuli nyingi. Hatukuyaanzisha sisi na simu zetu.

*

Sasa tuje kwenye sufuria.

Mfanyakazi wa shamba alilipwa mshahara mdogo na posho. Posho ilikuwa unga wa mahindi, unaopimwa kwa kila mtu, kwa siku au kwa wiki. Ukitaka kujua jinsi unga huo ulivyotawala maisha ya Afrika Mashariki, fuata neno lenyewe. Kwa Kiswahili posho ni riziki anayopewa askari au mpagazi wa safari. Ukienda Uganda leo, posho ndiyo ugali wenyewe. Ukienda Tanzania, posho ni pesa anayolipwa mbunge kwa kukaa kwenye kikao. Na hapa Kenya, kile kinu cha kusaga mahindi kilicho kwenye kila kona ya mtaa tunakiita posho mili, hata kama tunachosaga ni mahindi yetu tuliyonunua kwa pesa zetu. Neno la mgao halijaondoka mdomoni.

Mahindi hayakuwa mapya kabisa. Yaliingia pwani karne nyingi zilizopita pamoja na meli za Wareno, na watu wa bara walikuwa wanayapanda kidogo kidogo pamoja na vyakula vingine. Kilichobadilika ni wingi na rangi. Walowezi walipanda mahindi meupe yenye punje pana, kwa sababu wanunuzi wa Ulaya waliotengeneza wanga wa viwandani walitaka meupe. Mwaka wa 1923 walowezi hao walikuwa na ushirika wao wenye makao hapa hapa Nakuru, Kenya Farmers' Association, ile KFA ambayo wazee bado wanaitumia kuelekeza mtu njia mjini. Mahindi yaliyopandwa kwa ajili ya soko la Ulaya ndiyo yaliyopimwa kuwa posho. Baada ya vizazi viwili tukaapa kwamba ugali halisi ni mweupe, na mwingine wote ni chakula cha ng'ombe.

Na kwa nini ugali? Kwa sababu ugali ni chakula cha mtu mwenye haraka. Maji yakichemka, unamimina unga, unasonga, na kwa dakika ishirini umemaliza. Githeri ya mahindi makavu inataka masaa matatu na mtu wa kukaa karibu, aongeze maji, asukume kuni. Mukimo unataka uchemshe vitu vitatu kisha uponde. Vyakula hivyo vinahitaji mtu aliye nyumbani. Sheria ya siku 180 ilikuwa imehakikisha kwamba nyumbani hakuna mtu.

Mamangu aliniambia jinsi ilivyokuwa kwa shosho. Alikuwa anachuma pareto upande wa Elburgon. Pareto ni yale maua meupe madogo yanayotoa dawa ya kuua wadudu. Yaliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1920 na yakapenda baridi ya Molo na Mau. Ua la pareto huchumwa moja moja kwa vidole, na wachumaji walikuwa wanawake na watoto. Shosho aliingia shambani umande haujakauka, akatoka jioni mgongo umekunjika. Moto uliwashwa giza likiingia. Ugali na mboga, basi. Mamangu anasema hakumbuki hata siku moja katikati ya wiki walipokula githeri iliyopikwa siku hiyo.

Githeri ilikuwa ya Jumapili. Jumamosi usiku shosho aliosha mahindi na maharagwe, akateleka chungu, akapanga magogo mawili mazito ili moto usife haraka, akalala. Asubuhi alikuta imeiva, au karibu kuiva. Jumapili ilikuwa siku pekee ambayo jina lake halikuitwa shambani, na ndiyo siku ambayo majirani walipita na kukaa. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kwenye simu. Miaka yote nimedhani githeri ya Jumapili ni desturi ya familia yetu, kitu cha mapenzi tu. Kumbe ni ratiba ya mwajiri wake. Mapenzi yalikuwepo, lakini yalipewa siku moja.

*

Kuna mtu sijamtaja. Guka wangu alikuwa mpishi.

Alifanya kazi jikoni kwa mlowezi karibu na Njoro. Alioka mkate, alichoma kuku, alitengeneza pudini na supu za majina ambayo mamangu bado anayatamka vibaya kwa makusudi ili tucheke. Hakuwa wa ajabu. Katika nyumba za walowezi, mpishi kwa kawaida alikuwa mwanaume, na ilikuwa kazi ya heshima kidogo, yenye aproni nyeupe. Kulikuwa hata na kitabu cha mapishi cha walowezi kilichotolewa na chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew's, Nairobi, kikachapishwa tena na tena, ili mabibi wapya wajue kuendesha jikoni la Kenya. Mabibi walitoa maagizo kwa Kiswahili cha kuvunjika, guka na wenzake wakajaza yaliyobaki kwa ujuzi wao.

Nikamuuliza mamangu, "Na nyumbani alikuwa anapika nini?"

"Nyumbani?" Akacheka mpaka akakohoa. "Babako mkubwa angeshika mwiko mbele ya watu?"

Mwanaume huyu, aliyepika milo mitatu kila siku kwa miaka, hakuwahi kuwasha moto wa mke wake. Alirudi jioni akiwa amekula mabaki ya nyumba kubwa, akaketi, akangoja mwanamke aliyechuma pareto kutwa nzima amsongee ugali. Tunaposema ati mwanaume wa Kiafrika haingii jikoni, tunasahau kwamba mwanaume wa Bonde la Ufa aliingia jikoni, akafunga aproni, akahitimu. Alichokataa ni kupika bila kulipwa.

Simlaumu kwa urahisi. Mtu akiambiwa "boy" mchana kutwa akiwa na miaka arobaini, pengine jioni anataka kuwa bwana mahali fulani. Hali ya Hatari ya 1952 ilimvuruga kama ilivyovuruga wengi katika mashamba hayo, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini muda aliojipumzishia ulitoka mahali, na mahali penyewe ni mwili wa shosho.

*

Mjini mambo yalikuwa na sura nyingine. Vyumba vya wafanyakazi wa Kiafrika, kuanzia zile landi za reli, vilijengwa kwa hesabu ya mwanaume mmoja aliyemwacha mke shambani. Chumba kimoja, bomba la pamoja. Hakuna aliyefikiria jikoni. Wanaume hao walijipikia, tena kwa zamu, kwenye sufuria moja. Wakapata misaada miwili kutoka kwa jirani zao Wahindi. Zaidi ya watu elfu thelathini walitoka Bara Hindi kujenga reli, na ingawa wengi walirudi kwao, biashara na mapishi yao yalibaki. Chapati ni mmoja wa misaada hiyo. Mwingine, kama wanavyosema wanaofuatilia historia ya majiko, ni jiko la bati la makaa. Mtu aliyeishi kwenye chumba kimoja hangeweza kuweka mawe matatu na kuni. Jiko lilibebeka, likakaa mlangoni, likawaka bila moshi mwingi.

Chapati nayo ilichukua muda kuwa yetu. Ngano ilikuwa imezunguka Nakuru yote, kutoka Njoro mpaka Mau Narok, lakini unga wake ulikuwa ghali, na chapati inataka mtu wa kukanda, kukata, kusukuma, kugeuza moja moja. Kwa hivyo ikawa ya Krismasi. Waliozaliwa miaka ya themanini watakuambia: ukisikia harufu ya chapati unajua kuna mgeni au kuna sikukuu. Leo kuna chapo madondo kwenye kila kibanda, shilingi chache tu, kwa sababu kuna mtu mwingine ameamka kukanda.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, mengine na serikali, mengine na kampuni za watu waliochanga pesa. Mwaka wa 1964 mbegu chotara ya kwanza ya mahindi iliyofaa nyanda za juu ilitoka kituo cha Kitale, na kila mwenye ekari mbili akapanda mahindi. Unaona? Tulirudishiwa ardhi tukapanda posho. Sisemi kwa dharau. Mahindi yanazaa sana, yanahifadhika, na ndege hawayali kama wanavyokula wimbi. Watoto waliokuwa wanafukuza ndege shambani sasa walikuwa shuleni. Hiyo nayo ni hesabu ya muda.

Mamangu akawa mwalimu. Mwaka wa 1984, ukame ulipomaliza shamba, aliwapikia nduguze ugali wa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Anasema watu walilalamika harufu, walilalamika rangi, wakala. Mahindi meupe yalikuwa yamekaa nchini miaka themanini tu, lakini watu waliyalilia kama kitu cha mababu.

Miaka hiyo ndiyo jiko lilibadilika. Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi kuhusu nishati mpya, na katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya walitengeneza lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililochukua wazo kutoka Thailand na kulitia kwenye umbo la jiko letu. Lilipunguza makaa kwa karibu theluthi moja au zaidi. Mwaka huo huo wa 1981, hapo Olkaria karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kufanya kazi. Tangu hapo tumekalia mvuke unaoendesha taa za nchi nzima, na jioni bado tunapuliza makaa.

Mamangu alinunua jiko hilo jipya. Nilimuuliza lilimwokolea nini. "Pesa ya makaa," akasema. "Na muda?" Akafikiria. "Muda nilisahihisha vitabu vya watoto." Kila kifaa kilichoingia jikoni kwetu, jiko, sufuria ya presha, mtungi wa gesi, kilipunguza kazi. Hakuna hata kimoja kilichoigawa. Dakika zilizookolewa zilipewa kazi nyingine na mikono ilikuwa ile ile.

*

Sufuria kubwa ninayopikia wageni si yetu. Namba ishirini na kitu, imepondeka upande mmoja, inatosha watu kumi na tano.

Nilipokuwa mdogo, mtaa wetu ulikuwa na watu wa kila kona ya nchi, kama mitaa mingi ya Nakuru. Krismasi wamama walipika pamoja uani. Mmoja alileta omena na samaki wa ziwa, mwingine mursik kwenye kibuyu, mamangu chapati. Mwenye sufuria kubwa alikuwa mama mmoja aliyekuwa mlango wa tatu, mtu wa upande wa Kisumu. Krismasi ya 2007 tulikula hivyo hivyo, siku mbili kabla ya kura. Sufuria ikabaki kwetu kuoshwa.

Mwisho wa Januari 2008 vita vilifika mjini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya watu waliofukuzwa kutoka sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na wakati huo huo watu wa mtaa wetu nao wakawa wanafukuzwa. Yule mama aliondoka usiku na watoto na mfuko mmoja. Hakuja kuchukua sufuria, na sisi hatukumpelekea. Mamangu aliwahi kutaka kumtafuta. Sijui alikuwa anaogopa kumkosa au kumpata.

Miaka kama miwili uani hapakupikwa kitu cha pamoja. Kila mtu alipika mlango umefungwa. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba kualika marafiki kula ni anasa ya watu wasio na shughuli, huwa namkumbuka huyo mama. Mezani kwangu Jumapili ile kulikuwa na Mkalenjin wa Njoro, Mluo aliyezaliwa Kaptembwa, Mkisii, na dada mmoja wa Mombasa aliyekuja kusoma Egerton akasahau kurudi. Masaa ya kuwapikia watu kama hao ni kazi, na mji huu unajua gharama ya kutoifanya.

*

Basi ni nani aliyepika?

Ijumaa usiku nililoweka mahindi makavu vikombe vinne na maharagwe vikombe viwili. Jumamosi, mke wangu akiwa amelala baada ya zamu, niliyaweka kwenye sufuria ya jirani, mahindi kwanza, maharagwe baada ya saa moja, kwa sababu mama wa steji aliniambia ndiyo siri yake. Nilikaa jikoni masaa matatu. Nilikuwa nimepanga kufanya kazi ya ofisi kwenye simu wakati inachemka, lakini githeri inataka macho: maji yanakauka, gesi inapanda. Nikagundua kwamba "kungojea chakula kiive" si kupumzika. Nilikuwa nimeamini hivyo maisha yangu yote kwa sababu kila mara aliyengojea alikuwa mtu mwingine.

Jumapili nilikaanga kitunguu, nikatia nyanya, karoti, waru na dania. Chumvi ilizidi kidogo. Rafiki mmoja akauliza, "Nani amepika?" Niliposema ni mimi, wote wakapiga makofi, na mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sijawahi kupigiwa makofi." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasema ukweli tu, na mezani pakawa kimya kwa sekunde kadhaa kabla mtu hajaomba pilipili.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji linakula haraka kuliko mji. Asubuhi mabasi ya mashamba ya maua kule Naivasha yanabeba wanawake kabla jua halijatoka, kama pareto ilivyombeba shosho. Wanaporudi jioni, wananunua maharagwe yaliyochemshwa kwa mama mwingine aliyeamka saa kumi. Yale masaa matatu yamehama tu kutoka nyumba moja hadi nyingine, na bado yanalala kwa mwanamke, mara nyingi maskini kuliko yule aliyeyakwepa. Sisemi tuache kununua. Mimi bado nanunua, Jumatano hasa. Nasema tujue tunanunua nini. Kikombe kile cha maharagwe kina bei ya makaa, bei ya maji, na usingizi wa mtu.

Wakati mwingine ukimpigia shosho wako, kama bado yupo, muulize jinsi ya kupika, ndiyo, lakini pia muulize kila mtu alikuwa wapi wakati chakula kinaiva. Nani alikuwa shambani, nani alikuwa barazani, nani alikuwa amefunga aproni kwa watu wengine. Mimi nilichelewa kumuuliza wangu. Nilichoweza ni kuandika kwenye friji yetu ratiba ya mwezi, Jumapili moja yake na tatu zangu, mpaka deni la guka liishe. Nimepiga hesabu. Sitalimaliza, lakini Jumamosi hii mahindi yako kwa maji.